Zamu ya Mzee Anselme

Nilikuwa napiga pasi kola ya sare ya mtoto wa watu, Déo, niliyesoma naye, aliponipigia simu. Hakusalimu. Alisema, "Maman Aisha, Mzee wa Bweyeye ametuacha." Nikamuuliza ametuacha ameenda wapi, maana akili ikikataa jambo huuliza upuuzi, na Déo, ambaye hawezi kumaliza dakika tatu bila kunitania, akanyamaza. Hapo nikaelewa. Nikachomoa pasi, nikaketi kwenye kigoda cha wateja, na ile kola nikaiacha na mikunjo yake. Mzee Anselme alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza kijijini Bweyeye, na kwa mwaka mmoja alikuwa mwanafunzi mwenzangu. Nimesoma shule za Bukavu na za huku Kamembe, na wengi niliosoma nao nimesahau hata majina. Yeye sikumsahau siku moja, na sababu yake si nzuri kwangu. Nitaisema ikifika mahali pake, kama moyo utanikubalia.

Mwaka ule nilikuwa na miaka arobaini na moja, na cherehani mbili katika chumba cha kupanga nyuma ya soko la Kamembe. Nilikuwa nashona tangu Bukavu: nguo za harusi, sare, kanzu za mapadri na za mashehe, chochote kilicholetwa. Shule moja ya ufundi ilikuwa inatafuta mwalimu wa ushonaji, na mkurugenzi wake, ambaye mke wake hakuvaa nguo isiyotoka mkononi mwangu, aliniambia bila kuzunguka: "Maman, mikono yako naijua. Mimi nataka karatasi. Ulete mbele ya mwezi wa sita, kama sivyo nachukua muntu mwingine." Karatasi sikuwa nayo. Nilikuwa na kiburi cha kutosha, lakini kiburi hakipigwi muhuri. Ndipo mteja mmoja akaniambia kuna chuo cha serikali kinachopokea watu wazima bila kuwaketisha na watoto, na kwamba tangazo limebandikwa kwenye valve, yaani ubao wa matangazo, sisi tuliokulia Congo ndivyo tunavyouita.

Chumba chetu kilikuwa namba tatu, juu kilimani, kuta zimepakwa rangi ya maziwa hadi kiunoni na ya udongo kwenda chini. Madirisha yalitazama ziwa Kivu, na ng'ambo ungeona nyumba za Bukavu zimepandiana mlimani, kwa hiyo sisi tulikuwa tunasoma huku tunaangalia tulikolelewa. Mimi nilipenda kuketi karibu na dirisha na kutafuta paa la nyumba ya shangazi yangu, na sikulipata hata mara moja. Mshauri wetu aliitwa Madame Vestine. Alikuwa mdogo kwetu sote, mwembamba, sauti ya chini, na thermos ya chai aliyoifunga kwa kitambaa. Alitueleza kwamba hakuna ratiba, hakuna darasa, hakuna kengele. Kila mmoja atachora mpango wake kufuatana na kazi yake, ataandika anachojua na jinsi anavyokijua, aweke karatasi zake ndani ya farde, yale majalada ya karatasi ngumu, na mwisho ataitetea mbele ya watu watatu. Utakuja saa yako, utakwenda mwendo wako. Ukishindwa mwaka huu utaendelea mwakani, kwa sababu farde haifungwi. Alisema kwa furaha kabisa, na sisi tukamsikiliza kama watu walioambiwa kila mmoja atakula chumbani kwake na mlango umefungwa.

Tulikuwa watano. Espérance alikuwa mpishi katika mkahawa karibu na daraja la mpakani la Rusizi ya pili, mama mnene mwenye kucheka kwa mabega. Déo alikuwa fundi wa kujenga. Salumu alikuwa mekanika wa pikipiki, jirani yangu msikitini, mtu wa maneno machache. Wa tano alikuwa Mzee Anselme. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, amefundisha zaidi ya ishirini, nusu Congo, nusu Bweyeye, na diploma yake ilibaki katika nyumba ambayo haikuwapo tena. Sasa alikuwa ameambiwa kwamba mwaka mpya ukianza, mwalimu asiye na cheti hapewi darasa. Alitueleza hivyo siku ile ya kwanza kwenye veranda, tukila maandazi ya Espérance, kwa sauti ya mtu anayeeleza hali ya hewa. Mimi nilikuwa na mwezi wa sita, yeye alikuwa na mwaka mpya. Wengine walitaka cheti kwa ajili ya tenda na heshima, lakini sisi wawili tulikuwa tunaomba unga usimwagike.

Espérance ndiye aliyeanza kulalamika. "Kila muntu peke yake, peke yake. Hii ni masomo ao ni azabu? Mi sijafanya kitu peke yangu tangu nizaliwe, hata kuzaa kwenyewe batu balijaa chumba." Déo akacheka hadi akapaliwa. Mzee akasema kwao Bweyeye, wakati wa kulima, mtu mmoja hapambani na shamba lake. Leo wote wako kwako, kesho wote kwa jirani, na mwenye zamu kazi yake ni kuonyesha mipaka na kupika. Alisema tu, hakuwa na nia yoyote. Aliyesema "basi tulime na farde hivyo hivyo" ni mimi. Nasema wazi kwa sababu baadaye kila mmoja alimsingizia mwenzake. Tukakata vipande vya karatasi, tukapiga kura ndani ya kofia ya Salumu: Espérance wa kwanza, Déo wa pili, Salumu wa tatu, Mzee Anselme wa nne, mimi wa mwisho.

Tulikutana Jumamosi kwenye chumba changu cha kushonea. Nilikuwa nasogeza cherehani ukutani, nakunja vitambaa, nageuza meza ya kukatia kuwa ya kuandikia na ya kulia. Harufu ya chumba kile ninayo hadi leo: mafuta ya mashine, kitenge kipya, na sambaza, dagaa wa ziwani, za kukaanga ambazo Espérance alileta zimefungwa kwenye majani. Salumu alileta ndizi, Déo alileta njaa. Mzee alitoka Bweyeye Ijumaa, akatembea kipande kirefu kando ya msitu, akapata pikipiki ikipatikana, akalala kwa rafiki yake wa kanisani. Asubuhi alifika na buti za mvua miguuni na viatu vya ngozi ndani ya mfuko. Alinawa miguu kwenye bomba langu, akavaa viatu, akafunga kamba polepole, ndipo akabisha hodi. Mlango ulikuwa wazi na tulikuwa tunamwona, lakini alibisha. Mara nyingine alileta asali ya msituni kwenye chupa, nyeusi, yenye ukali kidogo kooni, na Espérance alikuwa anaificha ili Déo asiimalize.

Mwenye zamu aliketi katikati na kusema, sisi wengine tukiuliza na kuandika. Lakini nikisema sisi tuliuliza natia chumvi. Aliyeuliza alikuwa Mzee. Nakumbuka Jumamosi ya kwanza ya Espérance. Alisema, "Mafuta ikipata moto, unatia samaki." Mzee akamuuliza unajua aje kama imepata moto. "Unajua tu." Mzee akaweka stylo, kalamu yake, chini. "Maman, 'unajua tu' haiandikwe. Unajua aje?" Espérance akakasirika, akasema yeye si mtoto wa darasa la kwanza. Mzee akangoja. Alikuwa na namna ya kungoja isiyokuwa na haraka wala aibu, anakutazama kama mtu mwenye uhakika kwamba kitu kipo, kimewekwa vibaya tu. Mwishowe Espérance akafumba macho na kusema polepole kwamba kwanza anasikia sauti ya mafuta inabadilika, halafu anatupa kipande cha kitunguu, kikizama hapana, kikicheza juu ndiyo, na kama mvua imenyesha samaki anakuwa na maji mengi kwa hiyo anangoja zaidi. Ilijaza ukurasa mzima. Espérance alipofungua macho alikuta Mzee anaandika mbio, akauliza, "Hiyo yote ni mimi?" Kila Jumamosi ilikuwa hivyo. Déo akagundua anapima ukuta kwa sikio, kwa kugonga. Salumu, yule bubu, akazungumza saa moja nzima juu ya injini. Jioni kila mwenye farde alikwenda kunakili kwa mwandiko wake.

Zamu tatu ziliisha, ikafika ya Mzee, na mwezi wa sita ulikuwa umenikaribia vibaya. Sikumwomba. Nataka hilo lijulikane, ingawa sijui linanisaidia nini. Nilikuwa tu nimenuna, natandaza kitambaa na kukikunja tena, na yeye akiwa bado anafuta miguu yake mlangoni akasema, "Maman Aisha, kalia katikati." Nikamwambia leo ni yako. "Yangu inaweza kungoja. Niko na miezi. Wewe uko na wiki." Ningeweza kukataa. Nilikalia katikati kabla hajamaliza kufunga kamba za viatu. Akaniuliza ninakataje nguo ya mtu bila kumpima, kwa sababu aliniona nikifanya hivyo. Nikasema najua tu, nao wote wanne wakacheka, maana tulikuwa tumeshajua mchezo. Lakini hakuniachia. Tukafika kwenye mabega, jinsi ninavyotazama bega la kubebea mzigo ambalo huwa chini, na mgongo wa mama mwenye mtoto mchanga, na jinsi mtu mwenye huzuni anavyovaa nguo kubwa kuliko yeye. Nilikuwa sijui kwamba najua vitu vile. Nililia mbele ya wanaume, mimi ambaye sikulia nilipovuka mpaka na cherehani kichwani. Miaka yote ile watu walikuwa wanauliza bei.

Madame Vestine alitugundua kwa maneno. Mzee alikuwa anaandika kila kitu kama kilivyotamkwa, bila kujali katamka nani, na sisi tulikuwa tunasaidiana kumalizia sentensi. Siku moja akatuita wote chumba namba tatu, akafungua farde ya Déo na kusoma kwamba saruji haijengewi mpaka iive vizuri. Akafungua ya Salumu, akasoma kwamba injini usiifumue kabla ya kuona uzi ulianzia wapi. Ya Espérance ilisema samaki apangwe kwenye sufuria kwa kupishana kama tofali, viungo visikae mstari mmoja, chungu kisije kikapata ufa. Déo akashindwa, akacheka puani. Madame hakucheka. "Mmenifanyia nini? Mimi nilitaka kusikia muntu mmoja, mmoja." Espérance akamwambia kwa upole kwamba Madame alituomba kitu tusichokijua. Madame akamimina chai akasahau kuinywa. Hakuwa mbaya yule mama, na leo, baada ya kufundisha mwenyewe, ningefanya kama alivyofanya. Akasema farde zilizokwisha andikwa atazipokea, kila mmoja ataitetea peke yake, na atakayeshindwa kuieleza ataipoteza. Isiyoandikwa bado itaandikwa na mwenyewe, na atakayemsaidia ataondolewa. Kisha akauliza, "Ya nani bado?" Mzee akainua mkono kama mtoto. Mimi nilikuwa nimeketi kando yake. Ningeweza kusema ile zamu ilikuwa yake. Nilitazama Bukavu.

Tulitetea siku moja. Mimi nilisema bila kukwama, kwa sababu kila swali lao nilikuwa nimeshaulizwa na Mzee, tena kwa ukali zaidi. Espérance, Déo na Salumu wakapita vilevile. Wa mwisho aliingia yeye, na farde yake nyembamba kama daftari jipya. Sisi tulibaki veranda, dirisha liko wazi, tukasikia yote. "Mtoto hajui herufi hata moja. Unaanza vipi?" "Ninaanza naye polepole." "Polepole vipi?" Tukasikia anafungua farde na kuifunga. "Mzee, unajua aje kama ameelewa?" Na yeye, Mzee Anselme, akajibu, "Inaonekana." Espérance akashika mdomo. Mimi swali nilikuwa nalo kwenye ulimi: inaonekana wapi, Mzee, machoni, mkononi, kwenye kidole anachofuatisha maneno? Kipo, Mzee, kimewekwa vibaya tu. Hatua mbili zingenifikisha dirishani. Cheti changu kilikuwa hakijatiwa sahihi, na nilikaa kimya. Mtu aliyetufumbua wote hakuwa na wa kumfumbua, na hakupita.

Alipotoka alibadilisha viatu, akavaa buti zake palepale kwenye ngazi. Akasema si kitu, farde haifi, ataendelea. Nikamwambia, "Mzee, hii ikiisha, likizo nitakuja Bweyeye. Nitakuuliza maswali mpaka unikimbie." Akacheka. "Kuja, Maman. Nitakungojea." Nilimaanisha kwa moyo wangu wote. Nikaanza kazi, wakanipa cherehani kumi na mbili, nusu yake mbovu, na wasichana thelathini, na likizo ya kwanza nilikuwa natengeneza mashine. Mwaka mpya hakupewa darasa. Niliambiwa na Déo kwamba sasa analima, na Jumapili baada ya misa anafundisha wazee kusoma, bure. Likizo ya pili ilikuwa mvua. Ya tatu sikumbuki ilikuwa nini, na hapo ndipo nilipoanza kuona aibu, na aibu ikikaa inakuwa sababu ya kutokwenda. Alinipigia simu mara moja. Tulisalimiana kwa kirefu, akauliza habari za Aisha, mwanangu, halafu akasema, "Huku njia imekauka, Maman." Nikasema nashukuru Mungu. Akasema ndiyo. Ikaishia hapo, na miaka kumi na miwili ikapita.

Kwa hiyo Bweyeye nimefika mara moja. Tulikwenda wanne, na Espérance alishuka kwenye pikipiki mara tatu kusukuma, akimlaumu Déo kwa kila shimo. Tulikuta tumemkosa, alikuwa ameshazikwa asubuhi. Watu walikuwa kwenye mabenchi ya kanisa yaliyoletwa uani, na msitu umesimama pale pale nyuma ya migomba, mkubwa kuliko nilivyodhani. Nilikuwa nimekata shauri njiani kwamba nitasema. Mke wake, Maman Consolée, mama mdogo wa umbo mwenye kitambaa cheupe kichwani, alitupokea mmoja mmoja, na aliponifikia alinishika mikono akaigeuza, akatazama alama za sindano.

"Wewe ndiye mwenye kushona."

"Ni mimi."

"Alikuwa anasema wewe ndiye utakuja kumuuliza. Mi nilimwambia, acha nikuulize mimi, tumalize. Akasema hapana, wewe unanijua sana, utanijibia. Alikuwa anataka muntu wa kuuliza kabisa." Hakusema kwa kulaumu. Alikuwa ananieleza jambo la nyumba yao. "Kila likizo ikifika, alikuwa anatafuta hata kiti cha kukukalisha."

Nikamwambia, "Maman, ile zamu ilikuwa yake. Mimi nilichukua."

"Najua. Alinielezea siku ile ile."

"Na sikuja."

Akaendelea kunishika. Nyuma yetu Espérance alikuwa ameshaanza kulia kwa sauti, na wanawake wa jikoni walikuwa wanapita na sufuria za maharage, wanatuzunguka.

"Si ulisema utakuja?" akauliza.

"Nilisema."

"Basi umekuja. Ingia ukule."

Nikaingia. Walinipa kiti peke yangu, wengine wote wakiwa kwenye mikeka, nikala sahani nzima bila kuinua macho.